Kuchochea ubongo si kupigwa shoti

"Kwa hiyo wananipiga shoti kichwani?" aliuliza shangazi, nyumbani Mkuu, Rombo, akimenya ndizi za mtori. Ndizi ameibana kwa magoti, kisu mkono wa kulia. Wa kushoto ulilala pajani juu ya kanga, vidole vimejikunja, tangu alipopatwa na kiharusi mwaka juzi.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa namsimulia tiba ya ubongo kwa umeme, nikasema "kuushtua ubongo". Kwetu anayeshtuliwa na umeme kapigwa shoti, na shoti huua.

Wengine husema "usisimuaji". Silipendi. Mwili husisimka kwa baridi ya Rombo alfajiri, nawe unajua umesisimka. Katika tiba hii mgonjwa aghalabu huhisi mwasho tu, au kama kugongwagongwa kichwani. "Uchochezi" nalo tuwaachie polisi. Mimi nimeshika "uchocheaji ubongo".

Kiharusi huua sehemu ya ubongo kwa kukosa damu, au kwa mshipa kupasuka. Upande wa kulia wa ubongo ndio unaouendesha mkono wa kushoto, basi ukiumia huku, mkono wa kule hulegea. Kilichokufa hakifufuki. Seli jirani zilizosalia ndizo zinazoweza kufundishwa kazi ya marehemu, na hizo ndizo zinazochochewa.

Njia za kuzichochea ni kadhaa. Mwaka 1985, huko Sheffield, Uingereza, Anthony Barker na wenzake waliweka koili ya waya juu ya kichwa cha mtu, wakapitisha umeme kwa mkupuo mfupi. Usumaku ukapenya fuvu bila kulitoboa, na misuli ya mkono ikacheza yenyewe. Njia nyingine ni ya sponji zilizoloweshwa maji ya chumvi na mkondo wa miliampia 1 hadi 2, mdogo mno. Ya tatu haigusi kichwa kabisa: kifaa hupandikizwa kifuani, waya wake ukachochea neva ya vagasi shingoni. Marekani iliiidhinisha hii mwaka 2021, mahususi kwa mkono uliodhoofishwa na kiharusi. Kwa zile mbili za kwanza tafiti bado zinapishana.

Lakini kwa kawaida hakuna hata moja inayotumiwa peke yake. Mgonjwa huchochewa huku akishika kikombe, akikiachia, akikishika tena, mamia ya mara. Hapo ndipo neno langu linapokaa. Kuchochea moto ni kusukuma kuni mafigani. Asiye na kuni atachochea nini? Kuni ni mazoezi, nayo hayasubiri mashine. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna chuo kinachofundisha wataalamu wa fiziotherapia, wasimamizi wa mazoezi hayo.

Nilimweleza shangazi hivyo. Akaweka kisu chini.

"Na kama jiko limeshazimika, mwanangu?"

"Jaribu kidole gumba, shangazi."

Alikikazia macho kwa muda mrefu. Kilisogea, upana wa punje ya hindi, kikarudi. Akachukua ndizi nyingine, na safari hii akaiweka kwanza kwenye kiganja cha kushoto.