Kabla ya Koome Kulikuwa na Nani?

Juni 2024 binamu yangu alikamatwa katikati ya jiji. Hakuwa amerusha jiwe, alikuwa na chupa ya maji na bendera. Mathee wake alinipigia simu saa tatu usiku akilia. Nikaenda kituo cha kwanza, wakasema hayuko. Cha pili, hayuko. Cha tatu nilikuta wazazi wamejaa nje ya lango, na mwanamke mmoja wa miaka kama ishirini na nane hivi, raba miguuni, daftari mkononi, anaongea na afisa wa zamu kwa sauti ya chini kabisa. Alikuwa anataka kitu kimoja tu: aone kitabu cha OB, ahesabu majina. Saa sita na nusu binamu yangu akatoka na wenzake kumi na mmoja. Nilipomuuliza huyo wakili tunamlipa ngapi, alicheka, akaniambia nimpeleke mtoto wa watu nyumbani, yeye ana kituo kingine.

Nimeukumbuka usiku huo juu wiki jana kwa kinyozi kuna jamaa alisema, kwa uhakika wote, eti mawakili wanawake ni mambo ya juzi. Eti katiba ya 2010 ndiyo iliwabeba, kabla ya hapo hakukuwa na kitu. Watu wakaitikia. Mimi nilinyamaza. Sikukubali, ni vile tu sikuwa na majina ya kumjibu. Niliacha chuo mwaka wa pili na hata kabla niache hakuna mtu alikuwa amenifundisha hii historia. Basi nimekaa chini nikasoma.

Tuanze mahali watu husahau. Kwa muda mrefu Mwafrika wa Kenya, awe mwanamume awe mwanamke, hakuwa na mahali pa kusomea sheria hapa nyumbani. Mkoloni hakupenda kabisa Mwafrika awe wakili, na unaelewa kwa nini: wakili ni mtu anayeweza kushika amri ya kukufukuza kwenye shamba lako akauliza imetoka kwa sheria gani. Argwings-Kodhek, wakili wa kwanza Mwafrika Kenya, ilibidi asomee Uingereza. Chuo kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka wa 1961, kitivo chake cha kwanza kilikuwa cha sheria, na vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika wakaenda kukaa darasa moja. Nairobi ilipata kitivo chake 1970.

Huko Dar ndiko alikosomea Effie Owuor, miaka hiyo ya 1960. Akarudi, akaingia ofisi ya Mwanasheria Mkuu: mwanamke wa kwanza kuwa wakili wa serikali. Halafu akawa hakimu wa kwanza mwanamke. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akawa jaji wa kwanza mwanamke katika Mahakama Kuu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wa kwanza tena, Mahakama ya Rufaa.

Watu wakiandika hii orodha huiandika kama sifa, na ni sifa kweli. Lakini mimi ilinishtua. Mtu mmoja kuwa wa kwanza mara nne maana yake ni kwamba kwa miaka kama thelathini, kila mlango aliofika aliukuta umefungwa. Alipanda ngazi nzima na hakuna hatua hata moja aliyomkuta mwanamke mwingine amesimama juu yake. Ukiwa na swali, unamuuliza nani?

Na aliingia kazi wakati gani? Kulikuwa na sheria moja iliyomruhusu mama ambaye hajaolewa kumpeleka kortini baba ya mtoto ili atoe pesa za matunzo. Mwaka wa 1969 Bunge liliifuta. Bunge hilo halikuwa na mwanamke hata mmoja. Grace Onyango wa Kisumu, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge baada ya uhuru, aliingia baada ya uchaguzi wa Desemba mwaka huohuo, sheria imeshaenda. Hiyo ndiyo serikali Effie Owuor alikuwa anaifanyia kazi kama wakili kijana. Kuna pia Sheria ya Urithi, ambayo ilipitishwa 1972 lakini ikaanza kutumika Julai 1981. Miaka tisa kwa kabati. Sheria inayosema binti ana haki ya kurithi, na watu wazima wenye suti wanaiangalia tu.

Sasa angalia wanawake waliofuata walipitia wapi. Joyce Aluoch alianza kama hakimu, akawa jaji. Martha Karua alimaliza Chuo Kikuu cha Nairobi 1980, akawa hakimu 1981 hadi 1987. Kila ukisoma unakutana na hakimu, hakimu, wakili wa serikali, hakimu. Maoni yangu ni kwamba hii si bahati. Serikali ilikuwa inaajiri kwa karatasi na mshahara unajulikana. Ukifungua ofisi yako lazima mteja aingie, na mteja wa miaka ya sabini mwenye kesi ya shamba alikuwa anamtafuta nani? Walikuwepo waliojaribu. Kalpana Rawal, aliyezaliwa India na akaja Kenya kwa ndoa, anatajwa miongoni mwa wanawake wa kwanza hapa kufungua ofisi zao wenyewe za uwakili. Kumbuka hilo jina, atarudi.

1985 ni mwaka mkubwa. Julai, Umoja wa Mataifa ulileta mkutano wake wa tatu wa wanawake hapa Nairobi, pale KICC. Wanawake kutoka dunia nzima, jiji limejaa. Kutokana na vuguvugu hilo mawakili wanawake wa Kenya wakaanzisha FIDA Kenya mwaka huohuo.

Na hata vumbi la mkutano halijatulia, kesi ya S.M. Otieno ikaanguka. Otieno alikuwa wakili maarufu, alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, mwanamke aliyepigania uhuru, alitaka kumzika Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema hapana, anazikwa Nyalgunga, Siaya. Nchi nzima ilisimama. Mwili ulikaa zaidi ya miezi mitano, na mwishowe Mahakama ya Rufaa ikaupa ukoo ushindi. Akazikwa Mei 1987, Wambui hakuenda.

Ukisoma hiyo kesi leo, soma na jicho moja kwa majina. Swali lilikuwa la mjane: mke ana sauti gani juu ya mume wake akifa? John Khaminwa alimwakilisha Wambui, Richard Kwach akawakilisha ukoo. Jaji wa Mahakama Kuu mwanamume, majaji watatu wa Rufaa wanaume. Khaminwa alipigana sana, simkosoi. Lakini tangu Effie Owuor awe jaji ilikuwa imepita miaka kadhaa, na bado katika kesi kubwa zaidi ya mwanamke katika historia ya nchi hii, mwanamke aliyesikika zaidi ni yule aliyekuwa anashindwa.

Kazi ya FIDA iliyonivutia zaidi si ile ya magazetini. Kina mama walikuwa wengi kuliko mawakili, kwa hivyo wakaanza kuwafundisha wenyewe: jinsi ya kuandika ombi, jinsi ya kusimama mbele ya hakimu, nini cha kusema na nini cha kunyamazia. Mwanamke ambaye hana pesa ya wakili anaingia kortini ameshika karatasi zake mwenyewe. Judy Thongori, ambaye alipitia FIDA kabla ya kuwa na ofisi yake, aliifanya sheria ya familia kuwa kitu cha kuheshimiwa wakati wengi waliidharau kama kesi za talaka tu. Alifariki Januari 2020. Na mmoja wa walioongoza FIDA alikuwa wakili kutoka Meru, Martha Koome, aliyeanza uwakili mwishoni mwa miaka ya 1980.

Miaka ya tisini nitaipitia mbio kwa sababu hiyo mnaijua: vyama vingi, kesi za kisiasa, watu kuwekwa ndani. Karua alikuwa ameacha uhakimu na alikuwa kwenye timu ya kumtetea Koigi wa Wamwere kwa kesi ya uhaini, ambayo hukumu yake ni kifo. 1992 akawa mbunge wa Gichugu. Miaka baadaye akawa Waziri wa Haki, na Aprili 2009 akajiuzulu baada ya Rais Kibaki kuteua majaji bila kumhusisha. Waziri wa Kenya kujiuzulu mwenyewe bila kusukumwa, we ulishaona mara ngapi?

Halafu kuna Njoki Ndung'u. Alikuwa mbunge wa kuteuliwa tu, bila eneo la uwakilishi, na akaleta mswada wake mwenyewe uliokuja kuwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Katika mjadala mbunge mmoja alisema, ndani ya Bunge, kwamba wanawake wa Kiafrika wakisema hapana wanamaanisha ndiyo. Wabunge wanawake walisimama wakatoka nje. Mswada ulipita, lakini ukiwa umekatwakatwa, na wakapachika kifungu cha kumwadhibu anayetoa madai ya uongo kwa adhabu ileile ya mbakaji. Hebu fikiria msichana wa miaka kumi na tisa anasomewa hicho kifungu kituoni kabla aandikishe ripoti. Kilikuja kufutwa baadaye. Leo Njoki Ndung'u ni jaji wa Mahakama ya Juu.

Kwa hivyo, jamaa wa kinyozi: ilipofika 2010 Effie Owuor alikuwa ameshaondoka kwenye benchi. Joyce Aluoch alikuwa The Hague, jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai tangu 2009, na 2015 akawa makamu wa kwanza wa rais wa mahakama hiyo. Koome alikuwa jaji tangu 2003. Katiba haikuwabeba. Ilifungua mlango ambao walikuwa wameugonga miaka arubaini.

Sitaficha na upande mwingine. Nancy Baraza alikuwa Naibu Jaji Mkuu wa kwanza chini ya katiba mpya, 2011. Mkesha wa mwaka mpya alikosana na mlinzi langoni pa jengo la maduka Nairobi, akalaumiwa kwamba alimtishia kwa bastola. Jopo likapendekeza aondolewe, akajiuzulu Oktoba 2012. Nakumbuka vile watu wazima walikuwa wanasema, mnaona sasa, wanawake na mamlaka. Lakini yule mlinzi pia alikuwa mwanamke. Mwanamke wa kukagua mikoba langoni alilalamika dhidi ya mtu wa pili kwa ukubwa katika mahakama za nchi, na akasikizwa. Hiyo sehemu hakuna aliyeisherehekea.

Baada yake akaja Kalpana Rawal, yule wa ofisi yake mwenyewe, 2013. Halafu Philomena Mwilu, 2016. Mei 2021 Martha Koome akaapishwa Jaji Mkuu, baada ya wagombea kumi kuhojiwa na tume mbele ya kamera, siku baada ya siku.

Ukitaka kuona umbali, weka kesi ya Otieno ya 1987 kando ya kesi ya uchaguzi ya 2022. Majaji saba, watatu wanawake: Koome, Mwilu, Ndung'u. Mmoja wa walioshtaki ni Martha Karua, mgombea mwenza wa Raila. Na anayesimama kuwaonyesha majaji fomu yenye jina la Jose Camargo ni wakili Julie Soweto. Upande wake ulishindwa, majaji wote saba kwa sauti moja, na mahakama ikasema mengi ya yaliyoletwa yalikuwa hewa tu. Hakuna aliyehurumiwa kwa kuwa mwanamke. Mimi nilikuwa upande ulioshindwa na nilikasirika wiki mbili, lakini hilo nalikubali.

Bado kuna mambo hayaendi. Ile kanuni ya theluthi mbili iko kwenye katiba, na Bunge limekataa kuitungia sheria mara kadhaa, hadi Septemba 2020 Jaji Mkuu Maraga akamshauri rais alivunje Bunge. Halikuvunjwa. Chama cha Mawakili nacho, ambacho hupenda kuwahubiria wengine, kilipata mwanamke wa kwanza kukiongoza 2001, Raychelle Omamo. Wa pili ni Faith Odhiambo, 2024. Miaka ishirini na mitatu katikati! Na alikuwa na miezi mitatu minne tu ofisini wakati sisi tulipoingia barabarani na watu wakaanza kupotea, akawa anataja majina yao hadharani mmoja mmoja, huku mawakili wakisambaa vituoni usiku.

Mei 2025 Karua, miaka sitini na kitu, alipanda ndege kwenda Dar es Salaam kufuatilia kesi ya Tundu Lissu. Alizuiwa uwanjani na kurudishwa Nairobi. Mji uleule Effie Owuor alioenda kusomea sheria.

Yule wakili wa raba sikuwahi kumuona tena. Binamu yangu anayo namba yake kwa simu, ameiandika "Wakili OB". Jumamosi narudi kwa kinyozi, na safari hii nimebeba majina.