Pakiti Mpakani: Safari ya Istilahi Moja Kutoka Teddington Hadi Busia

Utangulizi

Busia na Tororo zinapotajwa katika darasa la Kiswahili, neno linalokumbukwa mara moja ni bodaboda. Katika miaka ya 1960 waendesha baiskeli wa Busia na Malaba walianza kuwabeba abiria na mizigo yao kati ya kituo cha forodha cha Uganda na kile cha Kenya. Mwito wao wa "boda, boda", yaani mpaka hadi mpaka, ukazaa nomino ambayo leo inatumika Afrika Mashariki nzima. Makala haya yanachunguza neno jingine la uchukuzi ambalo mzigo wake huvuka mpaka huo huo bila kuonekana kwa macho: pakiti ya data. Aidha, yanaonyesha kwamba wanaozinasa pakiti hizo wana jambo la kutufunza sisi walimu wa sarufi.

Chimbuko la neno

Mwaka 1965 Donald Davies, mtaalamu wa maabara ya taifa ya fizikia huko Teddington, Uingereza, alipendekeza kwamba ujumbe wa kompyuta ukatwe vipande vidogo, kila kipande kisafiri peke yake, kisha viunganishwe mwisho wa safari. Nchini Marekani Paul Baran alikuwa amefikia wazo kama hilo, naye aliviita vipande hivyo vitalu vya ujumbe. Davies alichagua neno lenye maana ya kifurushi kidogo. Kabla ya kulikubali, aliwauliza wataalamu wa lugha kama lina wenzake katika lugha nyingine. Kiswahili hakikupata taabu, kwani pakiti ya chumvi na pakiti ya sigara zilikuwa dukani zamani. Hivyo istilahi hii ni mfano mzuri wa mwanasayansi aliyewashauri wanaisimu mapema, badala ya kuwaachia kazi ya kutafsiri baadaye.

Maktaba isiyo na vitabu

Katika maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani, Van Jacobson, Craig Leres na Steven McCanne walitunga tcpdump, programu ya kutazama pakiti zinazopita, mwishoni mwa miaka ya 1980. Sehemu ya kunasa ilitengwa ikawa maktaba ya programu iitwayo libpcap, iliyotolewa kwa umma mwaka 1994. Maktaba hapa ni hazina ya kanuni ambazo mtunzi yeyote wa programu anaweza kuazima.

Utendaji wake unafanana na forodha. Malori yote yakiingizwa uani ili yakaguliwe, foleni haiishi. Afadhali afisa asimame langoni na kuchagua yale tu anayoyatafuta. Mwaka 1993 McCanne na Jacobson walieleza chujio la namna hiyo, linalofanya kazi ndani ya kiini cha mfumo wa kompyuta, na kichakato chake kilikuwa na kasi hadi mara 20 ya muundo wa awali. Kila pakiti inayonaswa huandikiwa saa ya kupita na urefu wake. Kichwa chake hutaja ilikotoka na iendako, kama hati ya mzigo.

Kutoka setilaiti hadi waya

Kabla ya mwaka 2009 mawasiliano mengi ya intaneti ya Uganda na Kenya na nchi za nje yalipitia setilaiti zilizo umbali wa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Ujumbe kwenda na jibu kurudi ulichukua karibu nusu sekunde au zaidi. Mwaka huo nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Uganda haina bahari, kwa hiyo nyaya za nchi kavu kutoka Mombasa huingia nchini humo kwa njia ya Busia na Malaba. Anayenasa pakiti huyaona mageuzi hayo katika tofauti ya saa kati ya swali na jibu, bila kuuliza kampuni yoyote.

Kukatika au kukatwa?

Hapa ndipo sarufi inapoingia. Tarehe 18 Februari 2016, siku ya uchaguzi, mitandao ya kijamii ilizuiwa Uganda. Tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi mwingine, intaneti ilifungwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mtu asiye na habari atasema "mtandao umekatika". Kauli ya kutendeka haimtaji mtenda, wala haisemi kama yupo. "Umekatwa" ni kauli ya kutendwa, na mara moja twauliza: na nani?

Pakiti husaidia kuchagua kiambishi. Ombi la kuunganishwa likijibiwa papo hapo kwa pakiti ya kukata mazungumzo, huku tovuti nyingine zikifunguka vizuri, kuna dalili ya mkono wa mtu. Likikosa jibu kabisa, ushahidi bado haujatosha, kwa sababu waya uliokatika na waya uliofungwa hunyamaza sawasawa. Hapo hufaa kulinganisha: jaribio lile lile, saa ile ile, kwa laini ya upande wa pili wa mpaka. Katika Busia ulinganisho huo ni wa hatua chache tu.

Hata hivyo, tuwe waangalifu. Kitenzi kunasa kina sura mbili: mtego hunasa ndege, na kinasa sauti hunasa hotuba kwa idhini ya msemaji. Kunasa pakiti za kompyuta yako ni utafiti, lakini kunasa za jirani ni udukizi. Uganda ina sheria ya kudhibiti unasaji wa mawasiliano tangu mwaka 2010, na nchi zote mbili zilipitisha sheria za kulinda data mwaka 2019.

Hitimisho

Mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Wilayani Busia kuna Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007, kinachofundisha uhandisi wa kompyuta. Wanafunzi wa fani hiyo watahitaji istilahi, nasi tunazo: pakiti, chujio, kichwa, kunasa. Walimu wenzangu, tuwapelekee pia kauli za vitenzi, maana mhandisi anayetofautisha kukatika na kukatwa ataandika ripoti ya kweli.