Azimio la Musoma na Mzigo wa Ada

Wazee wa Nyasura, huko Bunda, hawakuhitaji kutazama mbali ili waione ahadi kubwa ya elimu ikizaliwa, kwa maana ilikuwa Musoma, Novemba 1974, ambapo Halmashauri Kuu ya chama tawala cha TANU, chini ya Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama aliyeanza masomo yake katika shule ya Mwisenge mwaka 1934, iliazimia kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa rika la shule awe amepata nafasi darasani. Ada ya shule za msingi ilikuwa imekwisha kuondolewa mwaka 1973. Walimu, kwa uhaba wao, wakafunzwa kwa haraka vijijini, na wanakijiji wakajenga madarasa kwa mikono yao, jambo ambalo, kwa rai yangu, halijapewa taadhima linayostahiki. Lakini vita vya Kagera dhidi ya Uganda, pamoja na kupanda kwa bei ya mafuta na kudidimia kwa mapato ya mazao, viliidhoofisha hazina ya serikali, hata katikati ya miaka ya 1980 wazazi wakarudishiwa mzigo wa ada na michango. Ada ya msingi ikafutwa tena 2001, na ya sekondari, hadi kidato cha nne, Januari 2016. Chakula cha mchana cha wanafunzi, hata hivyo, kingali hoja ya vikao vya wazazi.