Kirangozi, Wala Si Kisogezi

Nimeletewa hapa Songea karatasi ya istilahi za usafiri wa anga, kurasa sita zilizopigwa chapa safi, na kwenye ukurasa wa nne nimekutana na kisogezi. Kisogezi, eti, ndicho kile chombo cha GPS kilichopachikwa mbele ya rubani wa ndege ndogo, chenye kioo cha ramani na vitufe pembeni. Nililisoma neno hilo mara tatu nikidhani macho ya uzee yananihadaa. Kusogeza ni kukitoa kitu hapa na kukiweka pale. Tunasogeza kiti, tunasogeza sufuria, tunasogeza tarehe ya kikao, kazi ambayo kamati zetu zinaimudu kuliko zote. Chombo hiki hakisogezi kitu. Injini ndiyo inayosogeza ndege, na upepo nao husogeza, tena bila kuombwa.

Chimbuko la kosa nalijua. Waliotafsiri maandishi ya simu walikuwa na kioo mbele yao, hawakuwa na safari. Kuhama kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine kwa kidole, navigation kwa Kiingereza, wakakuita usogezaji, na walipokutana na neno lilelile la Kiingereza kwenye ramani, wakabandika usogezaji bila kuinua kichwa. Kamati ikaliokota, ikalivika ki-, ikaenda kunywa chai.

Wapo wakubwa wengine, wenye sauti kwenye makongamano, wanaotetea urambazaji, na kwa hiyo kirambazi. Hao nawauliza kama wamewahi kumwona mvuvi akirambaza. Hukokota mshipi nyuma ya chombo, akingoja nguru ajipeleke mwenyewe. Ni kazi ya heshima. Lakini anayetaka kurambaza kutoka Dar es Salaam hadi Songea na aende salama, mimi sipandi.

Hoja nzito kidogo ni ya wanaosema dira ya setilaiti. Dira ni neno la mabaharia, na ingawa siku hizi limehamia maofisini, likapewa miaka 2025 na 2050 ya kusimamia, bado lina harufu ya chumvi. Kosa lake ni jingine, nami nililiona kwa macho.

Mwezi wa saba mmoja nilipewa kiti cha kulia katika ndege ya injini moja, mali ya mtu binafsi, tukitoka Dar es Salaam kuja huku. Kabla ya kuruka, kapteni alizungusha kitufe herufi kwa herufi: H, T, S, O. HT ni Tanzania, na zote nne pamoja ni uwanja wetu wa Songea. Akabonyeza kitufe chenye D iliyochomwa mshale, na mstari wa zambarau ukajichora kutoka pwani, ukakata Hifadhi ya Nyerere, ukaishia kwetu. Tulipokwisha kuuvuka Rufiji, chini ni pori tupu, nikaona dira inasoma 215 na chombo kinasoma 225.

“Kapteni, kipi kinadanganya?”

“Hakuna, mzee wangu. Dira inasema pua imetazama wapi. Hiki kinasema tunakwenda wapi.”

Kusi lilikuwa linatupiga ubavu wa kushoto, naye ameigeuza pua kidogo upande wa upepo ili tusiuache mstari. Ndege ikisimama, aliongeza, chombo hiki hakijui pua imeelekea wapi, kwa sababu kinasoma mwelekeo kutokana na mwendo. Dira hujua hata ndege ikiwa imelala bandani. Vyombo viwili vinavyotoa majibu mawili, yote ya kweli, haviwezi kugawana jina.

Basi tulitafute neno mahali maneno ya safari yalipo. Bahari ilitupa nahodha, kutoka Kiajemi, maana yake mwenye chombo. Ikatupa rubani, kutoka rubbān ya Kiarabu, na hadi leo bandarini yupo rubani anayepanda melini kuiingiza gatini. Ndege zilipofika, rubani akapandishwa angani. Lakini wapenzi wa pwani husahau kwamba bara nako kulisafiriwa. Misafara iliyokwenda kwa miguu ilikuwa na mtu wa mbele, mjuzi wa njia, vijito na vituo. Aliitwa kirangozi. Mimi ndani ya neno hilo nalisikia tendo ongoza, lililosagwa na vinywa vya wapagazi hadi likawa lao. Richard Burton, aliyetoka Unguja mwaka 1857 kwenda Ziwa Tanganyika, anamweleza kirangozi amevaa nguo nyekundu ya joho, ngozi ya mbega kichwani, mkononi bendera nyekundu. Aliyethubutu kumtangulia alitozwa faini.

Na tazameni jinsi neno linavyokaa. Kirangozi hakuwa mwenye msafara. Mwenye msafara alikuwa mwingine, na ndiye aliyeamua kwenda, kulala au kurudi. Ndivyo chombo kilivyo kwa rubani: kinatangulia, hakiamuru. Kiongozi, ndugu yake wa karibu, tumekwisha kumkalisha kwenye meza kuu, na hashuki.

Mwenzangu mmoja wa Dar es Salaam ameandika kwamba neno langu linanuka utumwa. Hoja hiyo peke yake ndiyo iliyoniuma, maana njia ya Kilwa na Ziwa Nyasa ilipita katika nchi hii ya Ruvuma, nayo ilipitisha pembe na watu. Lakini watu hao waliuzwa sokoni. Mbona hatujaliacha neno soko? Mwenzangu huyo, nadhani, bado ananunua mchicha huko huko.

Sarufi nayo inatusaidia. Mtu ni kirangozi aliyetangulia, chombo ni kirangozi kilichowashwa. Upatanisho unatenganisha, na hakuna atakayechanganyikiwa. Wingi ni virangozi, na taaluma yenyewe iwe urangozi. Kwa matumizi, kwa ufupi: kirangozi kinahitaji ishara za setilaiti nne ili kijue kilipo na kimo chake, kumbukumbu zake hufanywa upya kila siku 28, ramani ya karatasi isiachwe nyumbani, na rubani atazame nje, kwa kuwa milima yetu ya Matogoro haisomi kioo.

Pendekezo hili nililipeleka panapohusika zamani, kwa barua ya kurasa tatu. Nilijibiwa kwa mstari mmoja kwamba limepokelewa. Mwaka ukapita, ukaja mwingine, kisha ikaja karatasi yenye kisogezi.

Kwa hiyo sasa nawaandikia ninyi, marubani na mafundi mnaotua uwanjani Ruhuwiko, hapa Songea, na walimu wa kidato mnaoulizwa na watoto. Neno rubani lilipanda ndege kwa sababu waliokuwa na ndege walilihitaji. Mkikiwasha chombo chenu kesho, kiiteni kirangozi, kwa sauti, hata abiria wa nyuma asikie.