Daftari la Hospitali ni Hazina ya Taifa

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Usia huo waliwapa wafanyabiashara, lakini wazifaa pia hospitali na vyuo vya uganga. Maana hazina yao si majengo na dawa peke yake, bali pia yale yaliyoandikwa kando ya vitanda vya wagonjwa.

Tutazame mfano wa jirani zetu. Mwaka 1897 daktari mmisionari Albert Cook alianzisha hospitali huko Mengo, Kampala, akawa anaandika habari za wagonjwa wake kwa uangalifu. Mwaka 1902 radi iliipiga hospitali ikateketea. Hata hivyo, maandishi ya tangu mwaka ule wa kwanza yamedumu. Miaka sitini baada ya kuanzishwa kwake, daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Mulago, hospitali ya kufundishia ya Makerere, aliona watoto wenye uvimbe wa ajabu wa taya, na mwaka 1958 akautangaza. Ndipo likazuka swali: je, maradhi haya ni mapya, au ni ya kale yaliyokosa jina? Darubini haikuweza kujibu. Jibu lilitoka katika majalada ya Mengo. Mwaka 1964 J. N. P. Davies na wenzake walitoa uchunguzi wa kumbukumbu za saratani za hospitali hiyo tangu 1897 hadi 1956, ikadhihirika kuwa uvimbe ule ulikuwapo tangu zamani. Lau majalada yale yangalitupwa, swali lile lingalibaki bila jibu.

Makerere ndiko walikosomea wengi wa madaktari wetu wa mwanzo. Chuo chetu cha uganga kilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1963. Mwaka 1968 kikawa kitivo cha chuo kikuu. Mwaka 1976 kikaunganishwa na hospitali kuwa Kituo cha Tiba Muhimbili. Mwaka 1991 kikawa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2007 chuo kikuu kamili. Hospitali yenyewe, iliyofunguliwa mwaka 1956 kwa jina la binti mfalme wa Uingereza, ilirithi kazi ya hospitali ya kale iliyojengwa kwa mali ya Sewa Haji, tajiri wa Bagamoyo.

Mtu aliyefanya kazi masijala anajua hatari iliyomo katika mabadiliko ya namna hiyo. Jina likibadilika, makabati huhamishwa. Na jalada lisilo na mwenyewe huishia stoo, chakula cha mchwa. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 imeweka utaratibu, lakini sheria haifuti vumbi. Yatakiwa mikono ya watu.

Tena tusihifadhi taarifa za wakuu pekee. Daftari la wodi, zamu za wauguzi, mitihani ya wanafunzi na picha za mahafali ndivyo vitakavyowaeleza wajukuu jinsi taifa lilivyojifunza kujitibu. Siri ya mgonjwa na ilindwe, jina lake lifichwe kwa muda upasao. Lakini kulinda siri si kuchoma daftari.

Enyi walimu na wanafunzi, anzieni zahanati iliyo karibu nanyi. Waulizeni wauguzi wastaafu, andikeni wanayoyakumbuka, na andikeni tarehe.