Buli Lisilo na Kitako

Mwaka 1975, katika Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, Martin Newell alikuwa akitafuta umbo la kuchoresha kompyuta. Mipira na miche ilikuwa imewachosha watafiti. Mkewe, Sandra, akamshauri achore vyombo vya chai vilivyokuwa mbele yao mezani. Newell akatwaa karatasi ya grafu na penseli, akalichora buli, kisha akaingiza kwenye kompyuta namba za nukta zilizofuata mkunjo wa tumbo, mdomo na mkono wake.

Namba zile hakuzifungia kabatini. Aliwapa wenzake, wenzake wakawapa wengine, na buli likawa chombo cha kujaribia kila mbinu mpya ya mwanga na kivuli. Toleo la kwanza halikuwa na kitako, lakini nani angelitilia chai?

Buli lilisafiri kirahisi kwa sababu namba zake zilikuwa chache. Viwandani mambo yalikuwa magumu. Kila programu ya usanifu ilihifadhi michoro kwa lugha yake, na kipuri kilichochorwa kwenye mashine moja hakikusomeka kwenye nyingine. Boeing, General Electric na taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani walikaa pamoja, na mwaka 1980 ikachapishwa fomati ya IGES. Ilibeba karibu kila kitu, ndiyo maana ilikuwa nene na ngumu kusomwa.

STL ilikuja kinyume chake. Iliandaliwa mwaka 1987 kwa ajili ya mashine za 3D Systems, kampuni ya Chuck Hull, baba wa uchapaji wa vitu vya pande tatu. Ni fomati maskini kweli: inajua pembetatu tu. Haina rangi, wala haisemi kipimo. Ukiandika 10, mpokeaji akisie mwenyewe kama ni milimita au inchi. Lakini mwandishi wa programu anaweza kujifunza kuisoma kwa alasiri moja, na mpaka leo inaendelea kuzilisha kazi mashine za kuchapa vitu.

Ndoto kubwa zaidi ilianza Geneva, Mei 1994, kwenye mkutano wa kwanza wa kimataifa wa wavuti uliofanyika katika kituo cha utafiti cha CERN. Mark Pesce na Tony Parisi walitaka mtu aingie kwenye wavuti kama anayeingia mtaani, ageuke kushoto, afungue mlango. Gavin Bell wa Silicon Graphics akachangia fomati ambayo kampuni yake ilikuwa nayo tayari, ikazaliwa VRML. Mwaka 1997 ikatambuliwa kuwa kiwango cha kimataifa. Tatizo lilikuwa nyumbani kwa watumiaji: modemu za kujikokota, kompyuta zisizo na kadi za grafiki, na programu ya ziada ya kusakinisha kabla hujaona hata ukuta mmoja. Mtaa ukajengwa, wapangaji hawakuhamia. Mimi siwalaumu waasisi wake. Walifika mapema mno.

Mwaka 2004 Sony na wenzake walileta fomati ya COLLADA kwa ajili ya watengeneza michezo, ila kila programu iliiandika kwa lahaja yake. Wengi wakaegemea FBX, ambayo tangu 2006 ni mali ya Autodesk, na mali ya mtu ina masharti ya mwenyewe.

Watu wa Khronos, muungano uleule unaosimamia COLLADA, wakauliza swali jingine: vipi tukiacha kuhifadhi kila alichofanya msanii, tukatuma kile tu ambacho kadi ya grafiki inahitaji ili ichore? Jibu ni glTF, iliyotoka mwaka 2015. Namba zake zimepangwa zikiwa tayari, hazihitaji kutafsiriwa njiani. Toleo la pili, la 2017, liliongeza maelezo ya jinsi chuma kinavyong'aa na mbao zinavyofifia, ili kitu kionekane vilevile kwenye simu na kwenye kompyuta. Mwaka 2022 nayo ikawa kiwango cha kimataifa.

Buli lenyewe la kauri limehifadhiwa katika Makumbusho ya Historia ya Kompyuta, Mountain View, California. Ni refu kuliko lile la kwenye skrini.