Kazi Bunge la Kaunti: Nani Hukuandika, na Nani Anakula Fare Yako Tu

Kuna msee mtaani amekushow ati ako na "mtu wake" kaunti, na kazi ni yako ukitoa elfu thelathini? Tulia kwanza. Kabla utume hiyo doo, jua vile bunge la kaunti huandika watu.

Ni nani huandika?
Kenya iko na mabunge ya kaunti 47. MCA unampigia kura, lakini karani, mwandishi wa Hansard, mlinzi wa siwa na hata dereva hawapigiwi kura. Hao huandikwa na Bodi ya Huduma za Bunge la Kaunti, iliyoundwa na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Spika ndiye mwenyekiti, karani ndiye katibu, na kando na MCA waliomo, lazima kuwe na mkaaji wa kaunti ambaye si MCA.

Usiichanganye na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Hiyo ndiyo huandika watu upande wa gavana: manesi, kanjo, maafisa wa kilimo. Kwa hivyo mtu akikuambia gavana atakuingiza bungeni, ashakudanganya.

Karani ni nani hasa?
Huyu ndiye mdosi wa ofisi. Lazima awe Mkenya, awe na digrii na uzoefu wa angalau miaka 5. Bodi humteua, halafu bunge lenyewe humwidhinisha. Pesa za bunge ziko chini yake, zikipotea yeye ndiye hujibu maswali.

Kazi ziko aina mbili
Kuna za kudumu, ambazo uchaguzi ukipita bado uko ofisini. Halafu kuna za ofisi ya wadi. Hizi ni za kandarasi, na kwa kawaida MCA ndiye hupendekeza jina. Mheshimiwa akibwagwa kura ya 2027, na wewe unafungasha naye. Uliza mapema ni gani unapewa, usije ukachukua loni ya miaka kumi.

Na ukabila je?
Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi wa kabila moja. Ukiona ofisi nzima ni majina ya ukoo mmoja, uko na haki ya kuuliza.

Sasa ufanye nini?
Tafuta tangazo kwa gazeti au tovuti ya bunge lenyewe. Angalia tarehe ya mwisho, tuma karatasi zako, na uweke nakala. Kutuma maombi hakulipishwi.

Na hiyo elfu thelathini? Sheria ya Hongo ya 2016 inashika anayepokea na anayetoa, na unaweza kula hadi miaka 10 ndani. Yaani ukose kazi, ukose doo, na bado ulale jela. Mwambie huyo msee akuonyeshe tangazo. Akianza kuzunguka, block.